Bahari Haina Ghala

Kiwangwa inajulikana kwa mananasi. Anayesafiri kutoka Bagamoyo kwenda Msata huyakuta yamepangwa mafungu kando ya lami, na wengi husimama kununua kabla ya kujua wamefika kijiji gani. Bahari iko mbali, upande wa mawio, lakini haikosi kufika. Huja ndani ya tenga lililofungwa nyuma ya pikipiki: changu, tasi, pono, siku nyingine vipande vya chewa, na siku ngumu dagaa watupu. "Shangazi, leo bei imepanda, bahari imechafuka," atasema mchuuzi, naye shangazi atachukua wawili badala ya watano. Kwa watu wanaoishi mbali na pwani, bahari ni lile tenga. Kilichomo ndicho kilichopo.

Julai 2019 wanasayansi walimtangaza samaki mpya wa bahari yetu ambaye hatapata kuonekana kwenye tenga hilo. Ni mdogo, anaenea kiganjani, hana nyama ya kumshibisha mtoto. Makazi yake ni mwamba ulio upande wa mashariki wa Unguja, kwenye kina cha mita 50 hadi 80, yaani pima 27 hadi 44 kwa hesabu ya wavuvi. Hauzwi sokoni, haliwi, wala hana jina la Kiswahili. Hata hivyo habari zake zinamhusu mnunuzi wa Kiwangwa, kwa sababu baadhi ya watu waliompata ndio hao hao waliokuwa wakitafuta jibu la swali lenye uzito kwa kila anayekula samaki: mwamba wa maji mafupi ukiharibika, je, iko akiba kilindini ya kuujaza tena?

Nje ya ndoana na wavu

Jina la kisayansi la samaki huyo ni Cirrhilabrus wakanda. Waliomtangaza katika jarida la ZooKeys ni wanne: Yi-Kai Tea, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney, pamoja na Hudson Pinheiro, Bart Shepherd na Luiz Rocha wa California Academy of Sciences, taasisi ya makumbusho na utafiti iliyoko San Francisco. Wapenzi wa sinema watalitambua jina hilo mara moja. Wakanda ni dola ya kubuni katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, dola iliyojificha isionwe na walimwengu. Magamba ya dume yana mchoro wa zambarau unaojirudia pingili kwa pingili, na mchoro huo uliwakumbusha watafiti vazi la shujaa wa filamu. Zambarau yenyewe imekolea kweli: samaki wengi hupauka wakishatiwa kwenye dawa ya kuhifadhia, lakini huyu rangi yake hubaki.

Mtu anaweza kushangaa ilikuwaje Zanzibar, yenye wavuvi tangu enzi na enzi, impite samaki wa rangi kama hiyo. Tena si kwamba wataalamu hawakuwahi kufika. Katika miaka ya 1860 Robert Lambert Playfair, balozi wa Uingereza Unguja, alishirikiana na Albert Günther wa makumbusho ya London kuandika kitabu kizima juu ya samaki wa Zanzibar. Lakini orodha ya zama zile iliandikwa kutokana na kile kilicholetwa na wavuvi, na samaki huyu hakuwa na njia ya kumfikia mvuvi. Jamii yake hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, kwa hiyo chambo hakimshughulishi, na mdomo wake haumezi ndoana ya changu. Macho ya wavu wa samaki wakubwa anapenya. Mpiga mbizi wa pweza naye, hata awe hodari vipi, pumzi yake inamwishia juu, mbali sana na pima 27.

Jiografia nayo ilisaidia kumficha. Kati ya Bagamoyo na Unguja bahari ni fupi. Sehemu kubwa ya mkondo ule haifiki hata mita 50. Mashariki ya kisiwa mambo hubadilika: ukishavuka mwamba unaopasua mawimbi, sakafu ya bahari huanza kuteremka kuelekea kilindi. Ndiyo maana anayemtafuta samaki huyu hana haja ya kuhangaika Mwambakuni wala miamba mingine ya Bagamoyo. Anaishi nyuma ya Unguja.

Wala haikuwa hivyo siku zote. Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa karibu mita 120. Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa imeungana na bara. Kwa hesabu hiyo, mahali penye kina cha mita 80 leo palikuwa nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, na viumbe wa mwamba wa kina wakahama pamoja nayo, kizazi baada ya kizazi. Hawakufuata mahali. Walifuata kiasi cha mwanga na baridi ya maji waliyoizoea.

Kushuka, na kazi ya kupanda

Kuanzia kama mita 30 hadi 150 iko sehemu ya bahari ambayo jua hufika, lakini kwa shida. Wekundu wa mwanga humezwa na maji mapema, na kadiri unavyoshuka kinachobaki ni buluu. Matumbawe hutegemea mwani wadogo wasioonekana kwa macho ambao huishi ndani ya miili yao na kuwatengenezea chakula kwa nguvu ya jua, hivyo yale ya kina kirefu mengi hukua bapa, yamejitandaza ili yakinge kila chembe ya mwanga inayoshuka. Hapo ndipo nyumbani kwa C. wakanda.

Mtu kwenda huko si jambo dogo. Kila mita 10 unazoshuka, maji hukuongezea mkandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 80 mkandamizo umekuwa mara tisa. Mvuvi wa mshipi anaijua nguvu hiyo kwa macho yake: akimpandisha chewa haraka kutoka kilindini, samaki hufika juu macho yamemtoka na mfuko wa tumbo umetokeza mdomoni. Hewa iliyokuwa imebanwa kwenye kibofu chake imetanuka na kusukuma kila kitu nje. Mwili wa binadamu nao huathirika kwa namna yake: gesi iliyoyeyuka kwenye damu ikifumuka ghafla, mtu huweza kupooza au kufa.

Kwa hiyo wazamiaji wa burudani huishia mita 40. Watafiti hawa hutumia kifaa kinachoipokea pumzi wanayoitoa, kikaichuja hewa chafu, kikaongeza oksijeni na kuirudisha mapafuni, wakiwa wamechanganya na gesi ya heliamu ili akili isilewe kwa naitrojeni. Dakika chache wanazokaa chini hulipiwa kwa saa za kupanda polepole, wakisimama hatua kwa hatua. Ugumu huo ndio uliofanya miamba ya mwanga hafifu ibaki bila kutazamwa karibu duniani kote.

Kumpata samaki ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuthibitisha kwamba kweli ni mpya. Sampuli na picha zilipelekwa Sydney, na huko Tea akachunguza magamba, miiba ya mapezi na umbile la mwili, kisha vinasaba. Akamlinganisha na spishi nyingine saba za jamii hiyo zinazojulikana magharibi mwa Bahari ya Hindi, pamoja na jamaa zao wa Pasifiki. Hakulingana na hata mmoja.

Kupewa jina si sherehe ya makumbusho tu. Mwaka 2022 ndugu yake wa visiwa vya Maldives alitangazwa kwa jina la Cirrhilabrus finifenmaa, na mmoja wa waliomtangaza ni Ahmed Najeeb, mtafiti Mmaldives, akishirikiana na Tea na Rocha. Kwa miaka mingi samaki yule alikuwa akichanganywa na spishi nyingine, na huku nyuma wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walikuwa wakimuuza ng'ambo. Alipata soko kabla ya kupata jina. Samaki asiye na jina hana idadi, na asiye na idadi hakuna sheria inayoweza kusema wamevuliwa wangapi na wabaki wangapi. Hapa kwetu, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwapo Zanzibar tangu 1978. Kazi kama ya Najeeb inaweza kufanywa na kijana wa Nungwi, Unguja, au wa Dunda, Bagamoyo, akipata vifaa.

Dume aliyeanza akiwa jike

Kwa ukoo, C. wakanda ni jamaa wa pono. Kama ilivyo kwa wengi wa ukoo huo, samaki wa jamii yake huanza maisha wakiwa majike. Huishi kwa makundi, dume mmoja akiwa na majike kadhaa, naye hujitambia kwa kutandaza mapezi na kung'arisha rangi zake. Dume akiondoka, jike mkubwa hubadilika: rangi hugeuka, tabia hugeuka, viungo vya uzazi navyo hugeuka, na anakuwa dume wa kundi.

Hili si kioja cha kilindini tu. Pono wengi wanaouzwa Bagamoyo hupitia njia hiyo hiyo, na chewa wengi vilevile: huanza majike, na wakishakuwa wakubwa baadhi hugeuka madume. Sasa fikiria soko linavyopenda. Chewa mkubwa ndiye mwenye bei, ndiye anayewindwa na hoteli, ndiye anayepigiwa simu kabla chombo hakijatia nanga. Wakiondolewa wakubwa mfululizo, madume hupungua, na walio wadogo hulazimika kubadilika mapema kabla hawajataga vya kutosha. Bandu bandu huisha gogo, na hapa gogo linakatwa upande mmoja.

Je, kuna akiba chini?

Kwa miaka mingi watafiti wa matumbawe walikuwa na tumaini moja. Miamba ya juu iliposhambuliwa na joto, baruti na nyavu za kukokota, ilionekana ni busara kudhani kwamba miamba ya kina, iliyo mbali na vurugu hizo, imehifadhi samaki na matumbawe yale yale. Siku mambo yakitulia, walio chini wangepanda na kuijaza ya juu. Lilikuwa wazo la ghala.

Rocha, Pinheiro, Shepherd na wenzao walikwenda kulipima. Walizamia sehemu mbalimbali za Atlantiki na Pasifiki, wakaorodhesha nani anaishi wapi kuanzia maji mafupi hadi chini ya mita 100, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Kadiri walivyoshuka, wakazi walibadilika. Waliokuwa juu wengi hawakuwapo chini, na wa chini hawakuwapo juu. Ilikuwa miji miwili yenye wenyeji tofauti. Zaidi ya hapo, walikuta miamba ya kina nayo ina majeraha: dhoruba, matope, uvuvi na takataka vimeifikia. Mwaka uliofuata C. wakanda akaja kuwa mfano kutoka upande wetu wa dunia, samaki anayeishi kilindini kama mwenyeji na si kama mkimbizi kutoka juu.

Mwaka huo huo wa 2019 Bahari ya Hindi ikaongeza ushahidi wake, na safari hii hata Kiwangwa iliguswa. Wengi wanaikumbuka vuli ile. Mvua zilinyesha Afrika Mashariki kupita kawaida, mafuriko yakaua watu na kubomoa barabara na madaraja. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza chanzo: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani huku kwetu, ulikuwa na joto lililozidi, huku upande wa Indonesia ukiwa baridi kuliko kawaida. Mvuke ulipanda huku, nayo mvua ikaangukia huku.

Hali hiyo hiyo ilifanya jambo jingine lisiloonekana. Tabaka la maji ya moto juu ya bahari liliongezeka unene na kusukuma maji ya baridi chini zaidi. Novemba 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikuwa kwenye visiwa vya Chagos katikati ya Bahari ya Hindi wakitumia chombo cha kamera kinachoongozwa kutoka melini. Wakakuta matumbawe yamepauka kwenye kina cha mita 90. Joto la maji kule, ambalo lilikuwa nyuzi 22, lilikuwa limepanda hadi 29. Cha ajabu, miamba ya juu mahali pale haikuwa imedhurika. Walioaminiwa kuwa salama ndio walioungua. Taarifa ya kisayansi ilitoka mwaka 2023, na habari njema iliyokuwamo ni kwamba safari za baadaye zilikuta sehemu kubwa imepona. Hata hivyo dai la kwamba kina pekee ni kinga lilikuwa limeanguka.

Nyavu nazo zinafika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakinasa silikanti, samaki wa kale ambaye dunia iliwahi kumdhania ametoweka, kwenye majarife yaliyotegwa maji marefu usiku kwa ajili ya papa. Hawakuwa wakimtaka wala hana soko. Jarife lilishushwa kilindini kwa sababu samaki wa juu wamepungua, likamkuta. Wamenaswa makumi, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Kinachojaza mwamba

Ikiwa kilindi hakitoi akiba, samaki wapya wa mwamba wa maji mafupi hutoka wapi? Hutoka kwenye miamba mingine ya maji mafupi. Samaki wengi wa matumbawe, wakishaanguliwa, huelea baharini kwa wiki kadhaa, wakianza wakiwa wadogo kuliko punje ya mchele, wakichukuliwa na maji mpaka wapate mwamba wa kutua. Kwenye pwani ya Tanzania mkondo mkuu hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Kwa hiyo kinacholindwa kusini, kama Mafia ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, kina nafasi ya kuwanufaisha walio juu yake kwenye ramani. Na kinachobomolewa kusini huwanyima.

Kubomoa tumekujua vizuri. Mwaka 2015 watafiti walikokota kinasa sauti chini ya maji kando ya pwani ya Tanzania kwa siku 31, wakasikia milipuko ya baruti 318. Karibu thuluthi mbili ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, eneo linaloigusa Bagamoyo. Miaka iliyofuata serikali ilikaza msako na milipuko ikapungua sana, lakini mwamba uliosagwa kuwa kokoto hausimami kwa miaka michache, kwa kuwa kinda la tumbawe halishiki kwenye kokoto zinazobingirika. Mama anayekaanga samaki anaweza kumtambua aliyeuawa kwa baruti bila hadubini: akimpasua, damu imevilia tumboni, uti wa mgongo umevunjika, na nyama ni tepetepe ingawa samaki ni wa leo.

Kurudisha nako kumewezekana. Mwamba wa kisiwa cha Chumbe, upande wa magharibi wa Unguja kuelekea kwetu, ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994, na waliofunzwa kuulinda walikuwa wavuvi wenyewe. Leo una zaidi ya spishi 400 za samaki. Pemba na Unguja viko vijiji vinavyofunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha hufungua na kuvua kwa pamoja. Mipango hii yote inafanyika kwenye maji mafupi, yanayofikiwa na mtu wa kawaida na kusimamiwa na kamati ya kijiji, bila heliamu wala chombo cha kamera.

Mkulima wa Kiwangwa naye yumo, hata kama hajawahi kupanda ngalawa. Kijiji chake kipo katika ardhi iliyo kati ya mito miwili, Ruvu unaoingia baharini karibu na mji wa Bagamoyo, na Wami unaomwagika kaskazini, Saadani. Wakati wa masika mito hiyo hushusha maji mekundu hadi baharini, na udongo ule huwazibia matumbawe ya mkondo mwanga ambao ndio chakula chao. Anayepanda mananasi kwa mistari inayokinga mteremko, akaacha ukanda wa nyasi na miti kando ya kijito, anazuia udongo wake usiondoke. Faida ya kwanza ataiona mwenyewe shambani, maana udongo uliobaki ndio unaolisha nanasi la msimu ujao. Faida ya pili itawafikia changu na tasi wa Bagamoyo, ambao sasa tunajua kwamba hakuna wa kushika nafasi yao kutoka chini.